Tangazo Si Filamu: Hadithi Zetu za Kesho Zimekwama Wapi?

Nina daftari la filamu zinazokuja. Nililianza nikiwa mwanafunzi na mpaka leo naliandika kwa mkono. Ukurasa wa kulia ni wa filamu za bunilizi ya kisayansi ambazo kamera imeshawashwa: waigizaji wamevaa, picha zimepigwa, kilichobaki ni uhariri na tarehe. Ukurasa wa kushoto ni wa zile zilizotangazwa tu. Magazeti ya sinema huzitia zote katika orodha moja ya "filamu za kusubiri kwa hamu", na msomaji asiyejua huamini kwamba zote zitamfikia. Lakini tangazo ni posa, na wengi wameposwa, harusi haikuonekana.

Leo naandika kuhusu ukurasa wa kushoto kwa sababu kuna jambo linaniuma. Hadithi za mustakabali ninazozipenda kuliko zote, zile zinazotokea katika bara letu na ambazo zilichukuliwa na studio kubwa kwa shangwe, ziko upande huo. Zimekaa huko muda mrefu kiasi kwamba waliokuwa chuoni zilipotangazwa sasa wana watoto wanaokwenda shule.

Nianze na kulia, maana huko kuna furaha ya kweli. Sehemu ya tatu ya Dune ya Denis Villeneuve ilipangiwa tarehe 18 Desemba 2026. Inatokana na Dune Messiah, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1969, na inanivuta kwa sababu Herbert hakuiandika ili kumtukuza shujaa wake, Paul Atreides. Filamu mbili za kwanza zimempandisha kijana huyo hadi kwenye kiti cha enzi. Kitabu hiki kinauliza ni wangapi waliokufa kwa jina lake, na jibu liko humo humo: watu bilioni 61. Natamani kukaa katika ukumbi uliojaa watu waliomshangilia, tuisikie hesabu hiyo pamoja.

Dune yenyewe iliwahi kukaa kushoto. Katikati ya miaka ya 1970, mwongozaji Alejandro Jodorowsky aliikusanyia kundi la ajabu, Moebius akichora na msanii Salvador Dalí akiahidiwa nafasi ya kuigiza, na hakuna kilichopigwa. David Lynch aliitoa mwaka 1984. Villeneuve alipoichukua, ile ya kwanza ilisogezwa kutoka Desemba 2020 hadi Oktoba 2021 kwa ajili ya korona, na ya pili ikasogezwa kutoka Novemba 2023 hadi Machi 2024 kwa ajili ya mgomo wa waigizaji. Hata filamu ambayo kazi yake kubwa imekwisha, tarehe yake inayumba. Sembuse ile ambayo bado ni karatasi.

Njia iliyonyooka ni kama ya Project Hail Mary. Studio ya MGM na mwigizaji Ryan Gosling waliichukua hadithi ya Andy Weir mwaka 2020, kitabu kikiwa bado mswada. Kitabu kikatoka Mei 2021. Skripti akapewa Drew Goddard, yule yule aliyeandika skripti ya The Martian kutoka kitabu cha kwanza cha Weir. Uongozaji wakapewa Phil Lord na Christopher Miller. Tarehe ikawekwa 20 Machi 2026. Mwandishi mwenye jina, nyota mwenye jina, skripti ya mtu ambaye kazi yake imeshaingiza pesa, na bado ni miaka sita.

Ndani ya miaka hiyo mambo huenda hivi. Kwa kawaida studio hainunui kitabu kwa mkupuo. Hulipa kiasi kidogo kupata haki ya muda, mara nyingi mwaka mmoja au mwaka na nusu, na muda huo unaweza kuongezwa. Hapo hutafutwa mwandishi wa skripti, naye huandika rasimu ya kwanza, ya pili, ya tano. Hutafutwa mwongozaji, kisha jina la mwigizaji litakalomtuliza mwenye fedha. Halafu, ikijaaliwa, inakuja siku bajeti inapotiwa saini. Kabla ya siku hiyo kuna mikutano na simu tu. Haki ikiisha bila kuongezwa, hadithi hurudi kwa mwenyewe. Bosi aliyeipenda akihama, anayeketi mahali pake anakuja na hadithi zake.

Kwa hiyo sisemi kwamba kukwama ni kisa cha Waafrika peke yao. Rendezvous with Rama ya Arthur C. Clarke ni ya mwaka 1973. Morgan Freeman ameililia kwa miaka na miaka kupitia kampuni yake ya Revelations Entertainment, jina la David Fincher likafungamanishwa nayo kwa muda mrefu, na Desemba 2021 ikatangazwa upya chini ya Villeneuve na kampuni ya Alcon. Ni chombo kikubwa mithili ya silinda kinachopita katika mfumo wa jua, binadamu wanaingia, wanashangaa, kinaondoka bila kuwajali. Naipenda mno. Lakini isipofika kamwe, kijana wa Ohio ana vyombo vya anga mia vya kutazama. Kijana wa Kisumu au Bujumbura anayetaka kuona mtu anayefanana na shangazi yake akiishi mwaka 2150 ana filamu za kuhesabu kwa vidole. Moja ikikwama, pengo linaonekana.

Sasa niwatajie zilizoko kushoto.

Who Fears Death ya Nnedi Okorafor ni riwaya ya mwaka 2010, iliyopata tuzo ya World Fantasy mwaka uliofuata. Inatokea katika Sudan ya siku zijazo, baada ya maangamizi, na mhusika wake ni Onyesonwu, binti aliyezaliwa kutokana na ubakaji uliotumiwa kama silaha ya vita. Ana hasira, ana nguvu za kichawi, na jangwa lote linajua jina lake. Julai 2017 HBO, televisheni ya Marekani, walitangaza kwamba wanaiandaa kuwa tamthilia, mwandishi George R. R. Martin akiwa miongoni mwa watayarishaji wakuu. Mwaka 2021 kampuni ya mwigizaji Tessa Thompson ikaingia. Nikaongeza mstari katika daftari, wino wa pili juu ya wino wa kwanza.

Wild Seed ilitangazwa Machi 2019. Hii ndiyo iliyonikosesha usingizi kwa furaha. Wanuri Kahiu wa Kenya aongoze, aandike skripti pamoja na Okorafor, kwa Amazon, chini ya kampuni ya mwigizaji Viola Davis na mumewe Julius Tennon. Kitabu ni cha Octavia Butler, cha mwaka 1980: Doro, roho inayoishi kwa kuingia miili ya wengine na kuiua, na Anyanwu, mganga wa Kiigbo anayeweza kujigeuza chui, ndege, mzee au pomboo. Kinaanza Afrika Magharibi mwaka 1690, wakati wa biashara ya watumwa, na kinavuka bahari. Watu wawili wasiokufa wanabishana kwa karne nzima juu ya nani ana haki ya kummiliki mwenziwe. Sijasoma hadithi ya kuogofya kuliko hiyo, wala ya mapenzi yenye mashaka kama hayo.

Na Binti, tena ya Okorafor, iliyoshinda tuzo za Hugo na Nebula. Msichana wa Kihimba, bingwa wa hisabati, anatoroka kwao usiku akaingie chuo kikuu katika sayari nyingine, wa kwanza katika watu wake, mwilini na nywelani amejipaka otjize, ule udongo mwekundu wa kwao. Otjize hiyo ndiyo inayokuja kuwaponya viumbe waliotaka kumuua. Mtandao wa Hulu uliitangaza Januari 2020.

Mpaka naandika haya, sijahamisha hata moja kwenda kulia.

Wakati zikisubiri, nyumba zenyewe zilibadilika mikono. Mwaka 2022 kampuni iliyomiliki HBO iliungana na Discovery. Mwaka huo huo Amazon ilikamilisha ununuzi wa MGM kwa dola bilioni 8.5. Januari 2024, Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon, ilisimamisha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika, na marafiki wa Lagos na Johannesburg waliokuwa na mikutano wiki hiyo wakabaki na mikutano isiyo na mwenyeji. Simlaumu mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba hadithi hizi ziliwekwa katika makabati ambayo funguo zake ziko mbali sana nasi. Kabati likiuzwa, hatuulizwi. Hatujui hata ni mlango gani wa kubisha.

Upande mwingine wa jambo hili ndio unaonipa nguvu. Mwaka 2006 Neill Blomkamp, kijana wa Johannesburg, alikuwa akiandaa filamu kubwa ya mchezo wa video wa Halo chini ya mtayarishaji Peter Jackson. Ikavunjika mikononi mwao. Badala ya kutawanyika, walirudi kwenye filamu fupi ya Blomkamp ya dakika chache, Alive in Joburg, kuhusu viumbe wa anga waliokwama mjini Johannesburg. Hapo ikazaliwa District 9, iliyotoka 2009. Iligharimu takriban dola milioni 30, ikaingiza zaidi ya milioni 200, ikateuliwa kuwania Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora. Ina dosari ambayo siwezi kuifumbia macho: jinsi ilivyowachora Wanaijeria ni matusi, na serikali ya Nigeria ilikuwa na haki ya kukasirika. Ila tazama mbegu yake. Tangazo kubwa lilikufa. Kilichosimama ni kile kilichokuwa tayari kimepigwa, kifupi, cha bei nafuu, katika mtaa anaoujua mwongozaji.

Mwaka huo huo wa 2009 Wanuri Kahiu alikuwa na filamu yake fupi, Pumzi.

Nimekulia Mombasa, mji wa mikokoteni ya maji. Najua sauti ya mitungi ya lita ishirini ikigongana alfajiri, najua mama anavyopima maji ya kuoshea vyombo ili yabaki ya kupigia deki. Kwa hiyo Pumzi iliponikuta sikuhitaji kuelezwa. Ni Afrika Mashariki, miaka thelathini na mitano baada ya vita vya maji. Nje hakuna kinachoota. Watu wanaishi ndani ya jiji lililofungwa, wanazalisha umeme kwa kukimbia juu ya mashine, na jasho na mkojo wao husafishwa wakayanywa tena. Ukiota ndoto, unaamriwa umeze kidonge cha kuizuia. Asha, mtunzaji wa makumbusho ya viumbe vilivyokwisha, anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la mtumaji. Anaweka mbegu kuukuu. Inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa, anatoroka na mche wake.

Yote hayo yanaingia katika dakika kama ishirini. Fedha zilitoka kwa vyanzo vidogo vidogo: mpango wa kampuni ya Focus Features kwa waongozaji chipukizi wa Afrika, Taasisi ya Goethe, na mfuko wa sanaa wa Changamoto. Ilipigwa Afrika Kusini na ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Ukitazama vizuri unaona mahali fedha zilipokwisha: vyumba ni vitupu, korido ni zile zile, umati ni watu wachache. Lakini utupu huo unafaa mji ambao hauna cha kupoteza hata tone. Kahiu aligeuza ufukara wa bajeti kuwa sheria ya dunia aliyoibuni. Asha anapokamua jasho la nguo yake kulinywesha jani, naamini kila kitu, maana nimeona majani yakinyweshwa maji ya kuoshea mchele.

Nafikiri mara nyingi kwamba bila dakika hizo ishirini, hakuna ambaye angempigia Kahiu simu kuhusu Wild Seed. Na nafikiri pia kwamba Pumzi ipo, ninaweza kumwonyesha mpwa wangu leo jioni, ilhali Wild Seed yake siwezi.

Halafu kuna Neptune Frost. Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, na Anisia Uzeyman wa Rwanda waliiwazia hadithi yao katika vilima vya Burundi. Machafuko ya mwaka 2015 yakafanya kupiga picha huko kusiwezekane. Wangeweza kungoja. Walivuka, wakapiga Rwanda, mapema mwaka 2020, kwa michango ya watu mtandaoni na watayarishaji waliowaamini, na mwaka 2021 filamu ikaonyeshwa Cannes. Ni ya nyimbo, ni ya mashine, ni ya machimbo. Inaanza mgodini: kijana anainua donge la madini ya koltani, analitazama kama aliyeona uso wa mtu, na mlinzi anampiga hadi anakufa. Kaka yake, Matalusa, anaondoka. Njiani kwake na njiani kwa Neptune, mtu ambaye jinsi yake haikai katika sanduku moja na anayechezwa na waigizaji wawili, kunazaliwa kijiji cha wadukuzi kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Mavazi ya Cedric Mizero ni nyaya na vitufe vya kibodi. Watu wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kama tunavyofanya stendi ya mabasi, na hakuna anayesimama kueleza.

Nina hakika hakuna studio kubwa ingeipitisha skripti hiyo. Ni ngumu, inazunguka, kuna sehemu nilipotea kabisa. Lakini koltani ndiyo hutoa tantalamu, na tantalamu imo ndani ya simu unayosomea maneno haya. Filamu zote za mustakabali unaong'aa, zenye skrini juu ya kila ukuta, huanza baada ya mgodi, kana kwamba vifaa vimeshuka kutoka mbinguni. Hii inaanza mgodini. Maswali ya mashine za kesho yanawahusu watu wa Kivu na wa vilima vya Burundi kabla ya kumhusu yeyote California, na walioyasema kwa sauti ni watu waliokataa kungoja idhini.

Julai 2023 ikaja Kizazi Moto kwenye Disney+, katuni kumi fupi za mustakabali wa Afrika zilizosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Ng'endo Mukii wa Kenya aliongoza Enkai. Raymond Malinga wa Uganda aliongoza Herderboy, ya wachungaji wa ng'ombe wenye viungo vya mashine, na hiyo nimeirudia zaidi ya zote. Fedha za nje, ni kweli, lakini waongozaji wetu walikwenda mezani na kazi fupi, si na ahadi za saa mbili, na kazi ikakamilika.

Huwa naambiwa kwamba shida ni watazamaji, kwamba watu wetu hawana hamu na roboti wala vyombo vya anga, wanataka mapenzi na vichekesho. Anayesema hivyo hakukaa katika kibanda cha video. Terminator iliingia vijijini miaka ile kwa sauti za watu wetu. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na watu walilipa, wakajibana kwenye mabenchi, kusikiliza mtu akiieleza filamu ya kigeni upya, akiwapa mashine na wanajeshi wa Marekani tabia za jirani zetu. Bibi yangu alimfahamu mtu wa chuma kutoka siku zijazo kwa njia hiyo, na alimhurumia. Watazamaji wapo tangu zamani. Kilichokosekana ni filamu iliyotengenezwa ikiwa inawajua.

Kuna moja ninayoitaka, na haimo katika kabati la mtu yeyote.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Waitaliano walilisimamisha jukwaa hilo, na setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo mwaka 1967. Mahali palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, na mzunguko wa dunia humsaidia anayerusha. Siku hiyo roketi ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama anga kwa mionzi ya eksirei. Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi huo NASA, ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya nchi mwenyeji na siku yake. Kutoka angani, Uhuru iliorodhesha mamia ya vyanzo vya eksirei, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kukitambua kitu hicho kama shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Setilaiti yenyewe ilinyamaza mwaka 1973 na kuungua ikirudi angahewa mwaka 1979.

Mtoto wa Ngomeni aliyekuwa na miaka kumi siku hiyo sasa ameshapita sitini. Alisimama ufukweni, pengine na samaki mkononi, akaona moto ukipanda kutoka baharini, na kitu kilichokuwa ndani ya moto huo kikaenda kuwaonyesha wanadamu mahali ambapo mwanga hautoki. Wataalamu walikuja, wakarusha, wakaondoka na data. Ningependa kujua alidhani ni nini.

Basi nimeanza kuiandika. Mwanamke wa Ngomeni, mchuuzi wa samaki, ana redio ya baba yake aliyekuwa kibarua kwenye jukwaa. Usiku mmoja redio inapokea mdundo wa setilaiti iliyoungua zamani, na mdundo huo unaanza kujibu anachosema. Wahusika wanne, mashua moja, nguzo za jukwaa majini, sauti nyingi na picha za kompyuta chache sana. Dakika ishirini. Nina kurasa nane, na mazungumzo ya baharini bado hayajanyooka kwa sababu Kibajuni changu ni cha kusikia tu. Anayekijua vizuri na ana subira ya kunisahihisha aniandikie. Mwenye kamera na anayeweza kukaa Ngomeni kwa wiki moja kaskazi ikiwa imetulia, aniandikie kwanza.